SHERIA YA BUNDUKI NA ROHO ZA WATU



Liko swali ambalo kila linapotajwa mkutanoni huwagawanya watu kwa sauti kubwa. Je, serikali ikikaza sheria ya bunduki, wanaokufa kwa risasi hupungua kweli? Au ni kuwanyang'anya watu wema silaha zao na kuwaachia waovu za kwao?

Wenye kubisha wana hoja, wala hatutaki kuwacheka. Wako wasemao kuwa mwuaji haendi polisi kuomba leseni. Wako wasemao kuwa mtu aliyekwisha kusudia kuua au kujiua hakosi njia, akinyimwa bunduki atashika panga au kamba. Na wako wa tatu, ambao sisi twawasikiliza kuliko wote, wasemao kuwa serikali inayokusanya silaha za raia lazima iulizwe nia yake.

Hawa wa tatu wana historia upande wao. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mjini Brussels mapatano ya kuzuia bunduki zisiingie katika Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini bunduki za majeshi yao wenyewe hazikuzuiwa, na mwaka 1905 wazee wetu wa Maji Maji walikwenda na mikuki na magobore mbele ya bombomu za Wajerumani. Sheria ile ilikuwa kali sana, ila ukali wake ulimwangukia mtu mmoja na kumruka mwingine. Basi mtu wa kwetu akisikia neno "sheria kali ya silaha" na akauliza "kali kwa nani?", hakukosea hata kidogo.

Lakini swali hilo zuri lisitufanye tukatae kutazama hesabu. Twachagua nchi ya Australia, kwa sababu huko jambo lilifanyika kwa tarehe inayojulikana, na mtu aweza kuhesabu maiti wa kabla na wa baada.

Tarehe 28 Aprili 1996, siku ya Jumapili, kijana mmoja aliingia katika mkahawa wa watalii mahali paitwapo Port Arthur, katika kisiwa cha Tasmania, palipokuwa zamani gereza la wafungwa walioletwa kutoka Uingereza. Alikuwa na bunduki za kujipakia risasi zenyewe, za namna ya kijeshi. Aliua watu 35. Leseni hakuwa nayo, na hapa wabishi wetu wa kwanza hupiga meza na kusema, "Mnaona!" Ndiyo, twaona. Lakini twaona na la pili, kwamba Tasmania ilikuwa mahali ambapo bunduki za aina hiyo ziliuzwa kwa halali, wala bunduki ndefu hazikuandikwa katika daftari la serikali. Bunduki ya mwovu huanza safari yake dukani, kwa mtu mwema. Asiye na leseni huipata kwa sababu mwenye leseni aliweza kuinunua, na hakuna aliyeuliza ilikokwenda.

Wala si kwamba watu hawakuonywa. Mwaka 1987 viongozi wa majimbo walikutana kutafuta sheria moja ya nchi nzima, na majimbo ya Tasmania na Queensland yakakataa. Kiongozi wa New South Wales wakati ule, Barrie Unsworth, alitoka akisema kuwa sheria haitapatikana mpaka watu wauawe kwa wingi Tasmania. Haikuchukua hata miaka tisa.

Waziri Mkuu alikuwa John Howard, mtu wa mrengo wa kulia, aliyeingia madarakani Machi mwaka ule ule. Kura za wakulima na wafugaji wenye bunduki zilikuwa kura za serikali yake. Aliposimama kuhutubia wenye silaha huko Sale, katika jimbo la Victoria, alivaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti. Sisi si wafuasi wa siasa zake. Lakini siku 12 tu baada ya mauaji, tarehe 10 Mei, serikali yake na majimbo yote walikubaliana.

Walikubaliana nini? Hapa yafaa tukae kidogo, maana watu husema "sheria kali" kama kwamba ukali ni sauti ya askari. Kwanza, bunduki ndefu za kujipakia zenyewe, na bunduki za marisau za kukoki na kufyatua mfululizo, zilikatazwa kwa raia, isipokuwa wachache wenye kazi maalumu. Pili, kila mwenye silaha lazima awe na leseni, na kila silaha iandikwe. Tatu, mwombaji aonyeshe sababu ya kweli: kilimo, uwindaji, mashindano ya shabaha. Kujilinda nafsi hakukubaliwa kuwa sababu. Nne, angoje siku 28, na nyumbani silaha ifungiwe kwa kufuli.

Tena serikali haikupita nyumba kwa nyumba kunyang'anya. Ilinunua. Kwa mwaka mmoja iliongeza ile kodi ya matibabu kutoka asilimia 1.5 hadi 1.7 ya mapato, na kwa fedha hizo ililipa bei ya kila bunduki iliyoletwa. Zilikusanywa kama 650,000, zikapondwa. Mkulima aliyeleta bunduki yake alirudi nyumbani na fedha mkononi, na jirani yake tajiri wa mjini alikuwa amechangia. Hiyo ndiyo tofauti na Brussels ya 1890.

Sasa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watu 100,000 wa Australia zaidi ya 4 walikufa kwa risasi kila mwaka. Mwaka 1996 walikuwa karibu 3. Miaka ishirini baadaye alikuwa kama mmoja tu. Msomaji mwangalifu atashika kalamu na kusema: idadi ilikuwa ikishuka kabla ya sheria! Kweli, ilikuwa ikishuka, na mtetezi wa sheria anayelificha jambo hili anawapa wabishi fimbo ya bure. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2010 Wang-Sheng Lee na Sandy Suardi waliandika kwamba hawakuona athari kubwa ya sheria katika mauaji wala katika kujiua. Mwaka huo huo Andrew Leigh na Christine Neill walilinganisha jimbo kwa jimbo, wakaona kuwa pale zilipokusanywa bunduki nyingi zaidi kwa hesabu ya watu, ndipo kujiua kwa risasi kulikopungua zaidi. Sisi twaona njia hii ya pili ina nguvu zaidi. Kama upungufu ungalikuja wenyewe tu, usingalifuata kipimo cha bunduki zilizoletwa.

Tumetaja kujiua, na hili watu wengi hawalijui. Huko Australia wengi wa wanaokufa kwa risasi si watu walioviziwa na mwizi. Ni watu waliojipiga wenyewe, aghalabu wanaume, na wengi katika mashamba ya mbali. Marekani ni hivyo hivyo: mwaka 2022 walikufa kwa risasi watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu walijiua. Ndipo ile hoja ya kamba na panga inapotiwa katika mizani. Mtu anayejipiga risasi hufa karibu mara tisa katika kumi. Anayekunywa vidonge mara nyingi huokolewa, na wengi waliookolewa hawafi tena kwa njia hiyo. Saa mbaya hupita, na bunduki iliyo karibu na kitanda haimngojei mtu saa yake ipite. Na huko Australia, je, watu walihamia njia nyingine? Mwaka 1997 waliojiua kwa njia zote walikuwa zaidi ya 14 katika kila 100,000. Kufika katikati ya miaka ya 2000 walikuwa kama 10 au 11. Hatusemi kuwa upungufu wote ule ni kazi ya sheria ya bunduki. Twasema kwamba, kama kila aliyekosa bunduki angalishika kamba, hesabu hiyo isingalishuka.

Na mauaji ya halaiki? Kuanzia 1979 hadi Port Arthur yalitokea 13, yaani ya kuua watu watano au zaidi kwa risasi mahali pamoja. Baada ya sheria halikutokea hata moja la kiasi hicho kwa miaka 22, mpaka Mei 2018 huko Osmington, Australia Magharibi, ambako mtu aliua jamaa zake sita kisha akajiua.

Tungependa kuishia hapo, lakini gazeti la chama halina haki ya kuwaambia wanachama nusu ya habari. Tarehe 14 Desemba 2025, katika pwani ya Bondi mjini Sydney, watu wawili, baba na mwanawe, waliwashambulia Wayahudi waliokuwa katika sikukuu yao na kuua watu 15. Baba alikuwa na leseni, na bunduki sita zilizoandikwa kwa jina lake. Mtu wa mjini, bunduki sita! Wabishi watasema sheria imeshindwa. Sisi twasema tazameni ilivyolegezwa kwa miaka karibu thelathini bila kelele. Leo Australia ina bunduki zaidi ya milioni 4, nyingi kuliko zilizokuwako kabla ya Port Arthur. Majimbo yalitoboa masharti moja moja, kama lile la siku za kungoja. Siku chache baada ya Bondi serikali ilitangaza mpango mwingine wa kununua silaha. Na lile daftari moja la nchi nzima, la kumwezesha polisi wa jimbo moja kujua bunduki iliyouzwa katika jimbo la pili, viongozi walilikubali Desemba 2023 tu, nalo linatazamiwa kukamilika mwaka 2028.