SPIKA KANIKOSESHA KIBARUA!

Mimi wiki hii siko poa kabisa, na aliyeniharibia ni spika. Siyo spika la muziki la jirani yangu, la hasha! Nasema Spika wa Bunge.

Niliitwa usaili kwenye ofisi moja hapa mjini. Viatu nimeazima kwa mshikaji, shati nimelipiga pasi mara mbili. Mzee mmoja wa miwani akaniuliza: "Kijana, Spika wa kwanza wa nchi hii baada ya uhuru ni nani?" Nikajibu kwa mbwembwe, "Chifu Adam Sapi Mkwawa, mzee." Wakatazamana. Hapo hapo nikajua nimechemsha.

Jibu lao lilikuwa Abdulkarim Karimjee, aliyekuwa kitini tulipopata uhuru 1961, mpaka 1962. Na kila siku napita pale ukumbi wa Karimjee, walipokuwa wakikutana wabunge wa enzi hizo! Jina liko mlangoni, mimi natazama miembe.

Jioni nikaenda kumlilia baba mdogo. Akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, hukukosea sana. Chifu ndiye Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti." Mjukuu wa Mkwawa mwenyewe, na fuvu la babu yake liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, chifu alikuwa yeye. Akawa Spika 1962 hadi 1973, akampisha Erasto Mang'enya, kisha 1975 akarudi tena mpaka 1994. Sasa mtu wa miaka yote hiyo, nani asingemtaja? Wale wazee nao bwana!

Baada yake Pius Msekwa, akaingia na vyama vingi. Halafu 2005 Samuel Sitta na "kasi na viwango" yake, na ni kwenye Bunge lake sakata la Richmond lilipomng'oa Waziri Mkuu Lowassa, Februari 2008. Mwaka 2010 akaja Anne Makinda, mwanamke wa kwanza.

Ila lililoniingia ni la Job Ndugai. Mtu aliyekuwa akiwaambia wenzake nani aseme na nani akae chini, akaongea yeye mwenyewe kuhusu mikopo ya serikali, maneno yakawa moto, na Januari 6, 2022 akaandika barua ya kujiuzulu. Kumbe sijaponzwa na mdomo peke yangu!

"Aliyefuata?" baba mdogo akanitega.

"Tulia Ackson, Februari 2022. Na 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani."

"Haya, Alhamisi una usaili mwingine, siyo?"

Ninao. Majina yote nimeyaandika kiganjani. Tatizo mshikaji anataka viatu vyake, eti naye Alhamisi ana usaili. Ofisi ile ile.