Kidonge cha tansio na mzigo wa mgongoni: muganga aulize kwanza kazi ya mgonjwa

KIROTSHE, Masisi – Mgonjwa wa tansio anapotoka kwenye kituo cha afya, mara nyingi anarudi nyumbani na maneno matatu: kunywa dawa kila siku, punguza chumvi, fanya mazoezi. Mawili ya kwanza yanaeleweka. La tatu ndilo linalochekesha watu kwenye barabara ya Sake. Mama anayetoka Shasha na mihogo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, afanye mazoezi gani tena? Na papa anayesukuma chukudu yenye magunia ya makala, akimbie wapi jioni?

Ushauri huo si mbaya, lakini ulishonwa kwa mwili wa mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima atembee kwa bidii au afanye kazi ya namna hiyo dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Mkulima wa milima ya Masisi anazimaliza dakika hizo kabla ya juma kufika katikati. Mazoezi anayo tayari. Anachokosa ni mtu wa kumweleza namna dawa yake inavyofanya kazi ndani ya mwili unaobeba mzigo. Kumpa mtu kidonge bila kumuuliza anafanya kazi gani ni kumpa nusu ya matibabu.

Kwanza iwe wazi: kutumia mwili kunasaidia. Mtu akitembea kwa mwendo mzuri, mishipa inalegea na tansio inaweza kubaki chini kwa saa kadhaa baadaye. Tatizo linakuja na uzito wa ghafla. Anayeinua gunia huku amebana pumzi anapandisha tansio juu sana kwa dakika hiyo. Ndiyo maana inafaa kupumua nje wakati wa kuinua, na kugawa mzigo mara mbili pale inapowezekana. Mtu ambaye mashini imeonyesha 18 kwa 11 au zaidi asiende kubeba siku hiyo kabla muganga hajamwona tena.

Sasa dawa zenyewe, maana hazifanani.

Kuna zile zinazopunguza mwendo wa moyo: atenolol, bisoprolol, propranolol. Propranolol ilitokana na utafiti wa daktari wa Uskoti, James Black, katika miaka ya 1960, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Alitafuta dawa ya kuupunguzia moyo kazi, na hivyo ndivyo inavyofanya. Anayekunywa dawa hizi akipanda mlima, moyo wake haukimbii kama zamani. Anachoka mapema, miguu inakuwa mizito, na majirani wanaweza kusema amekuwa mvivu. Si uvivu. Mtu huyo hawezi pia kuipima nguvu anayotumia kwa kuhesabu mapigo ya moyo. Kipimo chake ni mdomo: akiweza kuongea huku anatembea, mwendo ni mzuri, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze.

Kuna zile zinazokojoza, kama hydrochlorothiazide na furosemide. Hizi zinatoa maji na chumvi mwilini. Mtu akizinywa asubuhi, kisha akatembea na jua mpaka sokoni bila maji ya kunywa, anaweza kupata kizunguzungu, misuli kukaza, hata kuanguka. Chupa ya maji safi ni sehemu ya dawa hiyo. Ila mwenye ugonjwa wa moyo aliyeambiwa apunguze maji afuate kipimo alichopewa.

Amlodipine inafungua mishipa. Mtu akipanda kwa nguvu kisha akasimama ghafla na kukaa, damu inabaki miguuni na kichwa kinazunguka. Dawa ya hilo ni ndogo: atembee polepole dakika chache kwanza, ndipo akae. Miguu ikivimba kwenye vifundo, huenda ni dawa yenyewe. Aende aonyeshe, asiikimbie kwa kufikiri amelogwa.

Captopril, enalapril na losartan hazimzuii mtu kufanya kazi. Hatari yake inaonekana mwili unapokauka. Na hapa kando ya ziwa Kivu, kipindupindu si mgeni. Mtu anayeharisha na kutapika huku anaendelea na dawa hizi, au na zile za kukojoza, anaweza kuharibu figo. Afike haraka kwenye kituo, na amwambie muganga jina la dawa anayokunywa, ili muganga aamue kama isimamishwe kwanza.

Lakini jambo linalofichwa zaidi liko kwenye farmasi ndogo za barabarani. Baada ya siku ya kulima, ya kubeba au ya salongo, mgongo unauma, na mtu ananunua diclofenac au ibuprofen kama anayenunua pipi. Dawa hizo zinapandisha tansio na kupunguza nguvu ya dawa ya tansio. Zikikutana na ya kukojoza pamoja na enalapril au losartan, figo ndizo zinazolipa. Paracetamol, kwa kipimo chake, kwa kawaida ndiyo salama zaidi. Kila muuza dawa angepaswa kuuliza neno moja kabla ya kupokea faranga: una tansio?

Wapenzi wa mupira nao wasikilize. Wazee wanaocheza siku ya Mungu waanze polepole, wamalize polepole, wasiingie uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye kiti. Na mchezaji wa mashindano makubwa mwenye tansio amwambie daktari wa timu, maana dawa za kukojoza zimekatazwa katika michezo. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili kwa sababu ya propranolol, dawa inayotuliza mkono.

Kisha kuna waliokimbia. Vita vilipofika Sake mwezi wa kwanza 2025, watu waliondoka na watoto na godoro. Wengi waliokuwa na tansio hawakuondoka na dawa. Mtu huyo anakimbia kilomita nyingi, hofu moyoni na mzigo kichwani, siku ile ile anapokosa kidonge. Kwa anayekunywa atenolol au propranolol, kukata ghafla ni hatari kubwa: moyo unarudi kwa kishindo, na maumivu ya kifua yanaweza kufuata. Familia zilizo kambini na zile zilizopokelewa kwa ndugu zifanye jambo hili leo: jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae pamoja na kadi ya mpiga kura. Dawa za siku chache zikae hapo hapo. Karatasi hiyo inamsaidia muganga asiyemjua mgonjwa aendelee pale mwenzake alipoachia.

Wengine watasema wauguzi wana foleni ndefu, na kwamba wakati wa vita malaria, kipindupindu na risasi ndizo za kwanza. Ni kweli foleni ni ndefu. Lakini swali "unafanya kazi gani, na unabeba nini?" halimalizi dakika. Anayepooza upande mmoja kwa sababu ya tansio naye anajaza kitanda, na familia yake inapoteza mikono iliyokuwa ikiilisha. Mashirika yanayoleta dawa za dharura yahesabu na za tansio, na ziletwe zile zile mwezi hadi mwezi, si leo hii na kesho nyingine. Wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo wanaweza kuongeza maneno mawili juu ya maji ya kunywa na dawa za maumivu.

Na mgonjwa naye ana kazi yake. Asiache kidonge siku ya kulima kwa sababu kinamchosha. Aende aseme kinamchosha, maana dawa inaweza kubadilishwa au kipimo kupunguzwa. Akisikia maumivu ya kifua, pumzi kukata, au mkono mmoja kukosa nguvu, atue mzigo palepale na apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Mihogo inaweza kubaki njiani, mtu mwingine ataichukua. Mama aliyeibeba hana wa kushika nafasi yake nyumbani.