Penzi la kuazimana chaja
Wanaosema roboti hawawezi kupendana hawajauelewa mchezo wa muziki wa Maybe Happy Ending. Oliver na Claire ni roboti wasaidizi waliokwisha kustaafishwa, wanaishi Seoul katika vyumba vinavyotazamana, na vipuri vyao havipatikani tena. Claire anabisha hodi kuomba chaja, basi, na penzi linaanzia hapo! Kisha safari ya kisiwa cha Jeju: Claire anataka kuona vimulimuli, Oliver anamtafuta bwana wake wa zamani, na mmea wake wa chunguni kaubeba. Huo mmea ndio ulioniliza. Wote wawili wanajua wanachakaa, na bado wanapendana. Tuzo 6 za Tony mwaka 2025, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki, ni haki yao kabisa.