Njia ya Ufukweni Mombasa: Viwanja Kwanza, Saruji Baadaye

Mombasa ni kisiwa, lakini hakuna anayeweza kukizunguka kwa miguu akifuata maji. Magharibi, bandari ya Kilindini imeziba ufukwe kwa nyua na mageti. Mashariki, anayetoka Fort Jesus kuelekea kusini hukutana na klabu ya enzi za ukoloni, Ikulu, na nyua za watu binafsi. Sehemu kubwa iliyobaki wazi ni Mama Ngina, inayotazama mlango wa Kilindini, penye mibuyu mikongwe na mnara wa taa uliofanya wengi wapaite Lighthouse.

Sehemu hiyo ndiyo iliyopambwa mwaka 2019. Serikali kuu ilitumia takriban shilingi milioni 460 kukarabati ekari 26, na tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo sherehe za Mashujaa zikafanyika hapo. Pamependeza, hilo halina ubishi. Ila ni rahisi mno kuitoa Mama Ngina kama ushahidi kwamba njia ya umma kando ya bahari inawezekana popote kisiwani, na ushahidi huo ni dhaifu. Kazi ilifanyika mahali ambapo watu walikuwa wakipunga upepo tangu zamani. Hapakuwa na haja ya kuwafungulia watu mahali walipofungiwa.

Kikwazo halisi ni ardhi. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ya umma. Kwenye mchanga wa Nyali au Bamburi hilo lina maana kubwa, kwa kuwa maji yakitoka, mtu hupita mbele ya hoteli bila kuomba ruhusa. Kisiwani mambo ni mengine. Pwani ya mashariki ni majabali ya matumbawe, na hiyo ardhi ya umma ni mwamba ulio chini ya jabali, ambao maji yakijaa huufunika. Njia ya miguu lazima ipite juu, na huko juu kuna wenye hati. Mchoro wa msanifu huonyesha watoto wakicheza chini ya minazi. Namba za viwanja hazimo.

Bahari nayo ina hesabu zake. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu, na miezi ya kusi mawimbi hulipiga jabali na kulila kwa chini hadi sehemu ya juu inabaki ikining'inia. Fort Jesus yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imelazimika kujengewa ukuta wa kuzuia bahari ili mwamba unaoibeba usimegeke. Chumvi huingia kwenye zege, nondo hushika kutu, zege hupasuka. Gharama hiyo haiishi, na ni nadra kutajwa siku ya kukata utepe.

Wa mwisho kufikiriwa huwa ni wachuuzi, ingawa wao ndio wanaoleta watu. Jioni ya Lighthouse ni muhogo wa makaa, uliopasuliwa katikati ukapakwa ndimu na pilipili ya unga, na dafu pembeni. Jiko la makaa haliwapendezi wabunifu wa bustani: linatoa moshi, linamwaga majivu juu ya tofali jipya. Kibanda rasmi nacho kina kodi, na auzaye muhogo kwa mtaji wa siku moja hana kodi ya mwezi.

Zanzibar ililitatua hili vizuri zaidi. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, iliwapa wapishi wa usiku nafasi ndani ya mpango wenyewe. Lakini hata Forodhani ni kipande tu. Ukisogea Shangani, uwanja wa wazi wa Mambo Msiige umekuwa hoteli, jambo lililoisumbua hata Kamati ya Urithi wa Dunia.

Mpango wa Mombasa unaostahili kuaminiwa ungeanza na orodha ya viwanja vilivyo kati ya Fort Jesus na Mama Ngina, kila kimoja na mmiliki wake na bei yake. Kisha ungetenga fungu la matengenezo la miaka kumi, na kueleza bayana nani atalilipa: kaunti, serikali kuu au Makumbusho ya Taifa.