Programu za sayari si ulaghai

Ukitaja programu za kuangalia sayari, hukosi mtu wa kukwambia kwamba hizo ni za watu wenye darubini za mamilioni, zinakula bando, na picha zinazotoka humo ni za kupikwa. Nimeyasikia haya kwa miaka na bado yananiuma, kwa sababu kila anayeyaamini anakosa kitu kilicho juu ya paa lake.

La gharama halichukui muda kulijibu. Programu ya Stellarium ni ya bure. Ukishaipakua kwenye kompyuta, haikudai intaneti tena ili ikuonyeshe sayari: inakokotoa yenyewe ilipo kila moja, kwa saa na mahali ulipoiambia. Darubini nayo si lazima. Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zote huonekana kwa macho matupu, na hata taa za mji hazizifuti kama zinavyofuta nyota hafifu.

Wengine husema programu hizi zimetengenezwa kwa anga la Ulaya, kwamba huku kwetu zinakosea saa. Hapa nawaelewa, maana yalinikuta. Usiku mmoja nilikaa uani na darubini nikisubiri Doa Jekundu Kuu, ile dhoruba ya Mshtarii iliyo pana kuliko dunia yetu, lipite katikati ya uso wa sayari. Jedwali la programu liliandika 19:00, nami nikasoma saa 1 usiku. Nilikodoa macho mpaka saa 2, doa halikuonekana, nikafungasha vitu vyangu kwa huzuni. Kumbe jedwali lilifuata saa za kimataifa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Doa lilipita saa 4 usiku, mimi nimeshalala. Programu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye sikuiambia niko wapi. Weka mji wako na majira yako kabla ya jambo lingine lolote.

Tena anga letu lina neema ambayo wa kaskazini wanaitamani. Juni 2019, Mshtarii ilipokuwa karibu nasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka ule, kule London haikupanda zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam ilifika nyuzi 74. Sayari iliyo chini huangaliwa kupitia hewa nene, basi hutetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Iliyo juu hutulia.

Sasa twende kwenye tuhuma nzito, ya picha za kupikwa. Mpiga picha wa sayari harekodi picha moja, anarekodi video. Dakika 2 kwa fremu 60 kila sekunde ni fremu 7,200, na nyingi zimevurugwa na hewa. Programu kama AutoStakkert inazipima zote, inachagua zilizotulia, inazilaza moja juu ya nyingine mpaka chengachenga zinafifia na mikanda ya mawingu inajitokeza. Na kwa kuwa Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, ukirekodi kwa muda mrefu maumbo yanasogea; programu nyingine, WinJUPOS, inayarudisha mahali pake. Yote haya ni kukusanya nuru iliyoingia kweli kwenye kamera. Nakubali, ukinoa picha kupita kiasi utapata mstari mweupe wa uongo ukingoni mwa Mirihi. Hilo ni kosa la mkono, na mwenye uzoefu hulitambua mara moja. Lakini tarehe 3 Juni 2010 wapiga picha wa ridhaa Anthony Wesley akiwa Australia na Christopher Go akiwa Ufilipino, kila mmoja na kamera yake, walinasa mmweko ule ule kwenye Mshtarii. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari. Picha za kupikwa hazipatani hivyo.

Anayesema NASA wanaona kila kitu, hivyo sisi tunapoteza usingizi bure, namrudisha mwaka mmoja nyuma, kwa Wesley huyo huyo. Tarehe 19 Julai 2009 aliona kidoa cheusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii. Huenda ni kivuli cha mwezi mmojawapo? Kidoa kilikuwa kinazunguka sambamba na mawingu ya jirani, jambo ambalo kivuli hakifanyi. Akafungua picha zake za siku 2 kabla, za eneo lile lile: hapakuwa na kitu. Akawapigia mbiu wanasayansi. Darubini ya NASA iliyoko Hawaii ikathibitisha kuwa ni kovu la mgongano, na tarehe 23 Julai Hubble nayo ikageuzwa kuliangalia.