Gitare ya zamani kwenye mnada wa intaneti: bei inatoka wapi, na sisi tuko wapi?

Kuna swali lenye lilifika hapa redioni kutoka kwa vijana wa kwaya moja ya Mpofi. Waliona kwenye telefone gitare ya mbao, ya miaka ya 1950, yenye kuuzishwa kwa mnada kwenye intaneti. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 180. Wao walikuwa wamekusanya dola 200: mchango wa maharagi, wa mafuta ya ngazi, na wa wale wenye kubeba mizigo. Kisha mtu mmoja wasiyemjua akawaandikia kwenye WhatsApp: muache mnada, mnitumie pesa moja kwa moja kwa telefone, gitare itawafikia kupitia Goma. Vijana wakauliza: tutume ao tusitume?

Tuliwaambia wasitume. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, sababu nyuma yake kuna maswali mengine. Kwa nini gitare ya zamani inatafutwa hivi? Mnada wa intaneti unatembea namna gani? Na mtu wa kati ya Masisi na Walikale anaweza kweli kununua kitu kule, na kikamufikia?

Gitare ya bei rahisi yenye ilikuja kuwa mali

Tuanze na historia yenye inatugusa sisi Wakongomani. Huko Afrika ya Kusini kulikuwa kampuni ya Gallo, yenye kutoa sahani za muziki chini ya jina Gallotone. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu mwenye alikuwa anatembea Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville, muji wenye leo unaitwa Likasi. Kule alirekodi kijana mwenye alizaliwa mwaka 1930, Jean-Bosco Mwenda, wa Bunkeya. Wimbo wake Masanga, wa gitare kavu moja tu bila ngoma wala tarumbeta, ukatoka kwenye sahani ya Gallotone na ukasikilizwa mbali sana. Wapiga gitare wa Kongo, Kenya, Uganda na Zambia walijifunza namna yake: kidole gumba kinashika besi, na kidole cha shahada kinaimba juu.

Jina hilo hilo la Gallotone liliandikwa pia kwenye gitare za bei rahisi zenye zilitengenezwa Afrika ya Kusini. Moja yao, aina ya Champion, ilifika Liverpool, Uingereza, kwa mikono ya kijana mmoja anaitwa John Lennon. Ndiyo gitare yenye alikuwa nayo tarehe 6 mwezi wa saba 1957, siku alikutana na Paul McCartney kwenye sikukuu ya kanisa. Kutoka pale kundi la Beatles likazaliwa. Mwaka 1999, gitare hiyo iliuzishwa kwa mnada wa Sotheby's London kwa paundi 155.500.

Mbao haikubadilika. Gitare ilikuwa ya bei rahisi mwaka 1957 na ilibaki ya bei rahisi. Chenye kilipanda bei ni historia yake, na historia hiyo ilikuwa na ushahidi: picha, tarehe, watu wenye walikuwa pale. Ni vile vile kwa gitare Martin D-18E ya mwaka 1959 yenye Kurt Cobain alipiga New York mwaka 1993: mwaka 2020 iliuzishwa zaidi ya dola milioni 6 huko Marekani. Na mwaka 2024 gitare ingine ya Lennon, Framus ya nyuzi 12, ilipita dola milioni 2,8. Ilikuwa imesahaulika karibu miaka 50 juu kwenye dari ya nyumba moja Uingereza.

Vijana wetu waelewe hapo: kwenye mnada watu hawalipii sauti peke yake. Wanalipia jina, mwaka, na karatasi yenye kuhakikisha. Gitare ya zamani isiyo na jina wala karatasi ni gitare yenye kuzeeka tu. Na ikizeeka vibaya, shingo inapinda, gundi inaachia, na mwenye kununua ndiye anabaki na kazi ya fundi.

Bei ya mwisho siyo yenye unalipa

Mnada wa intaneti uko na kanuni zake. Kuna bei ya kuanzia, yenye kila mutu anaiona. Mara nyingi kuna pia bei ya siri, yenye mwenye kuuzisha ameweka. Kama watu hawaifikie, kitu hakitoke. Kisha kuna saa ya kufunga. Watu wenye kuzoea wanakaa kimya siku zote, na wanaweka bei yao kwa sekunde za mwisho. Mwenye rezo ya kukatika-katika, kama sisi wenye tunapanda mlima kutafuta mawimbi, anaona bei ya jana na anashindwa ya leo.

Ukishinda, hesabu ndiyo inaanza. Tuchukue mfano. Nyundo inapiga kwa dola 300. Nyumba nyingi za mnada zinaongeza komisyo juu ya mnunuzi, na asilimia 25 siyo ya kushangaza. Hapo ni dola 75, jumla 375. Tuseme usafiri wa ndege mpaka Kigali ao Kampala, ndani ya sanduku ngumu, ni dola 150. Umefika 525. Bado duane, bado gari, bado motari, bado vizuizi vya barabarani. Ile gitare ya dola 300 imepita 600 mbele ya kufika Mpofi, na hujui kama shingo iko mzima. Na dola 200 za kwaya hazifike hata nusu.

Tuongeze hali yetu ya sasa. Tangu M23 iliingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mnada wa kweli unaomba karte ya benki ao uhamisho wa benki, na anwani yenye posta inajua. Sisi tuko na pesa ya telefone, na anwani yetu ni kama vile: nyuma ya kanisa, uliza kwa mama mwenye kuuzisha sambaza. Ndiyo maana wanyanganyi wanatupata kwa urahisi. Wanaona mlango wa kweli umefungwa kwetu, halafu wanakuja na mlango wa nyuma.

Alama za mtego zinajulikana. Mtu anakutoa nje ya mnada. Anaharakisha: tuma leo, kesho kuna mwingine. Anataka pesa ya telefone, yenye ikishatoka ni vigumu sana kuirudisha. Anakataa kukuonyesha gitare kwa video akiwa anaipiga. Moja tu ya hizo alama inatosha kukusimamisha. Kwa vijana wa kwaya zote ine zilikuwa pale.

Mbao nayo iko na sheria

Kuna jambo lingine lenye watu wengi hawajue. Gitare nyingi za zamani zenye bei kubwa zilitengenezwa na mbao ya Brazil yenye leo inachungwa sana. Tangu 1992, mkataba wa CITES juu ya biashara ya wanyama na miti yenye kuwa hatarini uliiweka kwenye orodha ya juu kabisa. Kuivusha mpaka bila karatasi ni kosa, hata kama gitare ni ya mwaka 1950. Mwaka 2017 jamaa zake zote zikaingia kwenye orodha ya pili, mpaka wapiga muziki wakalalamika. Mwisho wa 2019 gitare zenye kuwa tayari zikapewa ruhusa, lakini ile ya Brazil ikabaki imefungwa. Mwaka huo huo mukula, mti wa Katanga na Zambia wenye malori yalikuwa yanabeba usiku na mchana, uliingizwa pia kwenye orodha. Na vipande vidogo vyeupe vyenye kushika nyuzi vikiwa vya pembe ya tembo, duane inaweza kuvikamata.

Hapa kuna kitu cha kufikiria. Nyuzi nyingi za gitare kavu zinazungushiwa bronze: karibu sehemu 92 za shaba na 8 za etain. Shaba ni ya udongo wa Mwenda, kule Katanga. Etain inatoka kwa kasiterite, ile ile yenye watoto wetu wanachimba Walikale, na yenye Bisie imekuwa jina la kujulikana dunia mzima. Hatuwezi kusema uzi fulani ulitoka kwetu. Lakini madini ni yale yale, na mpiga gitare wa kijiji chetu, uzi wake ukikatika, anaweka waya ya freni ya velo.

Basi tufanye nini?

Kwa kwaya, jibu ni rahisi. Dola 200 haziwezi kushindana kule, na hazipaswe kutumwa kwa mtu asiyejulikana. Zitafute gitare karibu, kwa mutu mwenye unaweza kumushika mukono. Mmoja wenu mwenye masikio mazuri aende aipige, aangalie shingo kama iko sawa, aweke nyuzi mpya, alipe akiisha kuridhika. Chenye kitabaki kinunue nyuzi za akiba. Kongo iko pia na mafundi wake: Kinshasa, mzee Socklo alijulikana kwa gitare zenye alitengeneza kwa mikono na vifaa vya kupatikana pale pale. Seremala wa kwetu mwenye kujua kutengeneza kitanda anaweza kujifunza kutengeneza sanduku la gitare.

Kwa sisi wengine, kazi ni ingine. Gitare ya Lennon ilipata bei sababu watu walichunga picha na tarehe. Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini vidole vyake vinasikika mpaka leo sababu mutu alirekodi. Sasa tujiulize: wazee wetu wenye walipiga gitare kwenye ndoa na matanga ya Masisi na Walikale, nani alichunga sauti yao? Vita inachoma nyumba, watu wanakimbia na watoto na sufuria, gitare inabaki ukutani. Ikipotea, historia yake inapotea nayo, na hakuna mnada wa kuirudisha.

Kama uko na mzee nyumbani mwenye anapiga bado, chukua telefone yako. Murekodi akipiga wimbo moja. Sema jina lake, kijiji, na mwaka. Piga picha ya gitare, mbele na nyuma. Haitaji mega, haitaji dola. Kisha utuletee hapa redioni, tutaichunga na tutaipitisha hewani.

Vijana wa kwaya hawakutuma pesa. Juma moja kisha, yule mutu wa WhatsApp hakujibu tena.