Kupiga Hewa na Kupiga Mbio



Jioni moja kijana wa parokia yetu, hapa Baraka, alikuwa akirudi kutoka ziwani na fedha za ndagala ambazo mama yake alikuwa ameuza. Kwa miaka minne amejifunza karate katika uwanja wa kanisa, na amefikia mkanda wa kahawia. Njiani watu wawili wenye mapanga walimzuia. Aliwatupia simu na fedha, akapiga mbio, akafika nyumbani mzima. Kesho yake mtaa ulipata kichekesho kipya: mkanda wake umemsaidia nini? Dominika iliyofuata, tulipotoka katika Misa, sisi watu wazima tulikirudia kichekesho hicho mbele ya mlango wa kanisa. Nami nilicheka.

Baada ya majuma mawili mama yake alinijia. Hakuja kulalamika juu ya kicheko chetu. Alisema kwa sauti ya chini: "Papa, mtoto ameanza kuuliza ni nani anayeweza kumpa dawa ya kweli." Kila aliyezaliwa Fizi anajua kwamba dawa hiyo haiuzwi katika famasi. Ni ile ya kuchanjwa na kunyunyiziwa maji ili risasi zisiingie mwilini, na kijana anayeitafuta kwa kawaida amekwisha kuanza kuutafuta msitu na bunduki.

Tangu siku hiyo nimelifikiria swali tulilolitamka kwa mzaha. Ufundi wa kupigana unasaidia nini siku ya mapigano ya kweli? Swali lenyewe ni zuri. Kosa letu ni kwamba tulimwuliza kijana yule huku tukicheka, wala hatujapata kumwuliza mganga.

Tuanze na karate, na tuseme ukweli wake. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto (1 Kor 9:26), anajilinganisha na mpiganaji wa ngumi ambaye hataki makonde yake yaishie hewani. Bila shaka aliwahi kuwaona wanaopiga hewa. Mwanafunzi anayerusha teke akiwa katika safu, akifuata hesabu ya mwalimu, anajifunza mambo mema: kusimama imara, kupumua, kutii, kukumbuka. Lakini hewa haimrudishii pigo. Hata mwenzake anayemshambulia kwa namna waliyokwisha kukubaliana, kisha akasimama kungoja aangushwe, naye amekuwa hewa. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka ishirini, akapata kila mkanda, asijue atafanya nini siku atakapokutana na mtu asiyekubaliana naye juu ya lolote.

Mjapani Jigoro Kano aliliona jambo hili alipoanzisha shule yake ya judo, Kodokan, jijini Tokyo mwaka 1882. Katika ufundi wa zamani aliojifunza mlikuwa na mbinu nyingi za kuvunja viungo na kuua, ambazo kwa ajili ya hatari yake ziliweza kufanywa kwa kuigiza tu. Kano aliziondoa hizo katika mazoezi ya kushindana, akabakiza zile ambazo vijana wawili wanaweza kutendeana kwa nguvu zao zote bila kuumizana vibaya. Ufundi ukaonekana umepunguzwa ukali, kumbe umeongezewa ukweli, maana sasa kila mwanafunzi alikutana kila siku na mtu anayekataa kuangushwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Novemba 1993, katika mji wa Denver nchini Marekani, wapiganaji wa mitindo mbalimbali waliwekwa pamoja washindane kwa kanuni chache sana. Aliyeshinda, Royce Gracie wa Brazil, hakuwa mwenye misuli mikubwa. Mtindo wa familia yake ulitokana na judo ya Kano, na kwa miaka mingi walikuwa wameujaribu kwa wapinzani wasiokuwa rafiki zao.

Ufundi uliojaribiwa hivyo una alama moja: unaijua mipaka yake. Aliyeangushwa mara mia anajua asichokiweza. Nilikwenda kuzungumza na mwalimu wa vijana wetu, nikamwuliza anawafundisha nini juu ya mtu mwenye panga. Alinijibu bila kusita kwamba somo la kwanza ni kumpa anachotaka, na la pili ni kukimbia. Basi kijana yule hakuusahau ufundi wake siku ile. Alifanya kile alichofundishwa, gizani, moyo ukimdunda, mbele ya watu wawili wenye silaha. Tulimcheka mwanafunzi aliyefaulu mtihani.

Sasa na tuiulize dawa swali lilelile. Mwaka 1905, ng'ambo ya ziwa letu, kusini mwa Tanzania ya leo, watu waliochoshwa na ukatili wa Wajerumani waligawiwa maji ambayo yangegeuza risasi kuwa maji. Huko Mahenge, mwezi wa Agosti mwaka ule, waliziendea bunduki za mitambo kwa imani hiyo, nao wengi hawakurudi. Miaka sitini baadaye ikawa zamu yetu. Simba wa mwaka 1964 walikwenda vitani wakilitaja jina la Mulele pamoja na maji. Che Guevara, aliyefika Kibamba Aprili 1965 kuwasaidia waasi wa milima hii, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi wapiganaji walivyoitumainia dawa. Tarehe 29 Juni mwaka ule waliishambulia kambi ya Bendera, kusini mwa Fizi, wakashindwa na kupoteza watu. Dawa haikuwa imezuia kitu.

Lakini tazameni jinsi dawa inavyojitetea. Anayepewa huwekewa masharti: asiguse mwanamke, asichukue kisicho chake, na zaidi ya yote asiogope. Akipona, dawa ni kali. Akifa, alivunja sharti. Na ni nani asiyeogopa risasi zinapolia? Hivyo dawa haishindwi kamwe. Anayeshindwa ni marehemu, naye ndiye shahidi pekee aliyeweza kuikanusha. Familia inabaki na misiba miwili, ule wa kufiwa na ule wa aibu. Ufundi wowote ambao daima humlaumu aliyeanguka, na haujilaumu wenyewe hata siku moja, si ufundi. Na mwalimu wa karate anayemwahidi kijana kwamba mkanda mweusi utamkinga na bunduki naye ni mganga, tofauti yake ni mavazi tu.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaoitafuta dawa. Wengi ni watoto walioziona nyumba zao zikichomwa, wakangoja serikali ije, isije. Dawa huwapa moyo wa kusimama, na moyo huo ni kitu cha kweli. Katekisimu yetu yenyewe inatambua haki ya mtu kujilinda na wajibu wa kuwalinda wanaomtegemea. Ubaya uko hapa: moyo uliopatikana kwa uongo humsimamisha mtoto mahali ambapo alipaswa kulala chini au kukimbia. Wanaomdanganya hulala salama, naye hufa.

Maandiko Matakatifu yana kijana aliyelielewa jambo hili. Daudi alipokuwa akimwendea Goliati, mfalme Sauli alimvika silaha zake mwenyewe, chepeo na deraya (1 Sam 17). Daudi alizivua. Sababu aliyoitoa haikuwa kwamba ni mbaya au ni za dhambi. Alisema kwamba hajazijaribu. Akachukua kombeo lake na mawe ya kijito. Simba na dubu alikwisha kupambana nao alipokuwa akichunga kondoo za baba yake, tena si kwa makubaliano. Imani yake kwa Mungu ilikuwa kubwa, lakini haikumfanya adharau kujua alichokijaribu na asichokijaribu.

Wako ndugu wanaosema tuwafukuze vijana wa karate katika uwanja wa parokia, kwa kuwa wanajifunza ugomvi na haufai kitu. Mimi napinga. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, katika Kivu hii ya kusini. Vita vilimwondoa kwao akiwa mtoto, akapoteza mama yake, akafikishwa Kinshasa, na huko akafundishwa judo. Judo haikuzuia vita wala haikumrudishia mama. Mwaka 2013 alikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia, akaomba hifadhi huko. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, alipigana katika timu ya kwanza ya wakimbizi, pamoja na mwenzake Yolande Mabika, mzaliwa wa Bukavu vilevile. Pambano la kwanza alishinda, la pili alishindwa na bingwa wa Korea Kusini, na uwanja ulimshangilia. Huo ndio msaada wa kweli wa ufundi huu: mtoto aliyeangushwa na vita alijifunza mahali ambapo kuanguka kuna kanuni, na ambapo baada ya kuanguka mtu huinuka, huinama kumheshimu mwenzake, na huanza upya. Haushindi risasi. Unamsaidia kijana asiwe mtumwa wa hofu yake wala wa hasira yake, na kijana wa namna hiyo ni vigumu kumuuzia uongo.

Mtu atauliza: basi dhidi ya risasi Wakristo tuna nini? Hapa inatupasa kusema kwa uangalifu, maana nasi tuna jaribu letu. Nimeona rozari zikivaliwa shingoni pamoja na hirizi, kwa kusudi lilelile moja. Lakini ardhi hii tunayoikanyaga imekwisha kutupa jibu. Tarehe 28 Novemba 1964, hapa Baraka, waasi walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin, kisha Padri Luigi Carrara aliyepiga magoti karibu na ndugu yake badala ya kupanda gari lao. Siku ileile, kule Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri kwa niaba ya Baba Mtakatifu. Wote wanne walikuwa watu wa sala, na risasi ziliingia. Msalaba haukugeuka kuwa dawa mikononi mwao, kama ambavyo haukugeuka kuwa dawa kwa Bwana wetu, aliyemwamuru Petro aurudishe upanga mahali pake.

Mwenyeheri Albert anastahili kutazamwa zaidi na vijana wetu. Baba yake, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu, alikuja kwenye ziwa hili katika karne ya 19, akazilinda misheni za Mpala na Mrumbi kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara ya utumwa. Alioa Mwafrika, na mtoto wao akawa padri. Kanisa linamheshimu baba aliyejua kupigana akawatetea wanyonge, na linamheshimu mwana aliyeuawa mikono mitupu. Katika nyumba moja, kujua kupigana na kutopigana vyote viwili vilikuwa upendo, kwa kuwa hakuna aliyejidanganya juu ya silaha iliyoko mbele yake. Albert hakudhani kwamba hatakufa. Alijua ni kwa ajili ya nani anakaa.

Kwa hiyo naiomba jumuiya yetu mambo matatu. Vijana waachiwe uwanja, ila mwalimu awafanyishe mazoezi ya kweli mbele ya wazazi, mwanafunzi akutane na mwenzake anayekataa kushindwa, na mipaka ya ufundi isemwe kwa sauti. Pili, katika katekesi na katika jumuiya zetu tuizungumze dawa waziwazi, tukiwataja wafu wetu kwa heshima na kuwaondolea lawama waliyobebeshwa, maana wengi wao ni kaka zetu na hawakuvunja sharti lolote. Tatu, tuache kumcheka mtoto anayekimbia akarudi nyumbani. Kila kicheko cha namna hiyo kinamfanyia mganga kazi yake bure.

Mimi nilianza na hilo la tatu. Nilikwenda kwa kijana yule, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Aliniuliza kama ni kweli kwamba Padri Albert alikuwa mtoto wa askari, nami nikamsimulia niliyoyajua. Jumatano iliyofuata nilimwona uwanjani. Mwenzake mmoja, mnene kuliko yeye, alimwangusha mara tatu, naye akainuka mara tatu. Sijui kama atabaki. Najua kwamba siku atakapoondoka, kama ataondoka, sehemu ya sababu itakuwa ni kile alichokisikia kutoka kwetu mbele ya mlango wa kanisa.

Wenyeheri Wafiadini wa Baraka na Fizi, mtuombee.